Safari Nne za Ndoto kwa Mwaka Ujao: Singida Mnayoipita Mkiwa Usingizini

Hebu tuambizane ukweli, msomaji wangu. Kila Desemba wewe na mwenzi wako mnakaa sebuleni, feni inazunguka, mnaanza kupanga. "Mwaka kesho lazima twende Shelisheli." Mwenzako anadakia, "Aa wapi, Kilimanjaro kwanza!" Mnacheka, mnalala na raha zenu. Ikifika Machi mambo yamebadilika: ada ya mtoto, kodi ya nyumba ya miezi sita, mchango wa harusi ya binamu, na gari nalo limeamua kufa gia boksi. Shelisheli inabaki pale pale ilipokuwa, kwenye picha ya kalenda ya benki.

Sisi kwetu orodha ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji. Miaka sita ya ndoa, orodha ileile, hata karatasi ilishaanza kuwa ya njano. Wageni wakija wanaisoma, wanasema, "Jamani nyie mna mipango mizuri!" Nami nakwenda zangu jikoni, maana najua hakuna hata mstari mmoja uliokatwa.

Sasa basi. Mume wangu ni Mnyaturu wa Singida. Mimi ni mtoto wa Temeke. Katika miaka hiyo sita nilikuwa nimeenda Singida mara nne, na mara zote nne tulikwenda kuzika. Mara ya nne tulimzika mama mkwe wangu.

Unajua safari za msiba zilivyo. Mnaondoka usiku na basi la kukodi, mnafika macho mekundu, mnazika saa tisa alasiri, kesho yake mnageuza kwa sababu ofisi imetoa siku tatu tu. Mtu akiniuliza Singida kukoje, jibu langu lilikuwa moja: kuna upepo na vumbi.

Miezi michache baada ya msiba wa mama, baba mkwe alipiga simu. Akaongea na mwanawe mambo ya shamba, ya mbuzi, ya mvua. Halafu akasema, tena bila hasira yoyote, "Baba, ninyi mnakujaga kwa waliokufa. Sisi tulio hai mtakuja kutuona lini?"

Mume wangu aliweka simu mezani, akanyamaza jioni nzima. Baadaye nilimkuta jikoni amesimama mbele ya friji, hafungui, anasoma ile karatasi. Usiku ule tuliing'oa. Tukachukua kalenda, tukazungushia sikukuu nne kwa kalamu nyekundu, na mbele ya zote nne tukaandika neno moja: Singida. Safari ya kutembea, bila msiba.

Kati ya safari nne tulifanya mbili na nusu. Hiyo nusu nitakuelezea. Ila ngoja kwanza nikupe mpango mzima, maana ninachotaka ni wewe na laazizi wako muuchukue, muubadilishe mnavyotaka, na mwakani muwe barabarani badala ya kuwa sebuleni.

MTAFIKAJE?

Habari njema ni kwamba siku hizi Singida si mbali kama ilivyokuwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na mnatumia kama saa tatu na nusu hadi nne hivi. Pale Dodoma mnapanda basi la Singida, mwendo wa kama kilomita 240, lami mwanzo mwisho. Wanaopenda basi moja kwa moja wanapanda stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri, karibu basi lolote la Mwanza litawashusha Singida. Wa Arusha nao wanakuja kupitia Babati na Katesh.

Ushauri wangu mmoja: kutoka Dodoma msilale. Baada ya Bahi na Kintinku barabara inaanza kupanda pale Saranda, kabla ya Manyoni. Ule si mlima wa kawaida. Ni ukingo wa Bonde la Ufa, lile lile ambalo watalii wanalipa dola kulitazama kule Manyara na Ngorongoro. Ninyi mnalitazama kwa nauli ya basi. Nimelipita mara nane, kwenda na kurudi misibani, na sikuwahi kuliona kwa sababu nilikuwa nimejifunika kanga usoni nimelala.

SAFARI YA KWANZA: MIAMBA, MAZIWA NA ALIZETI
Wakati: Pasaka, au siku za Muungano (26 Aprili) mkiunganisha na Mei Mosi

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Umeelewa? Mji wa nchi kavu, usio na bahari wala mto mkubwa, una maziwa mawili. Maji yake ni ya chumvichumvi kama ya magadi, kwa hiyo sahau habari za kuogelea. Yanafaa kutazamwa, na kuzungukwa kwa miguu.

Na miamba! Miamba ya itale, mingine mikubwa kuliko nyumba, imepangana kama vile kuna mtoto wa jitu alikuwa anacheza akaitwa kula, akaacha vitu vyake hapo. Mwamba umekaa juu ya mwamba, chini pana upenyo wa kupita mtu. Huhitaji kamba wala mafunzo. Unahitaji raba zenye meno, maji ya kunywa, na mtu wa kukushika mkono pale mguu unapokosa pa kukanyaga. Mtu huyo si unaye?

Amkeni saa kumi na moja, kabla upepo haujaanza. Chukueni bajaji mpaka pembeni mwa Ziwa Singidani, halafu pandeni jiwe moja mkae. Jua likitoka, ziwa linabadilika rangi mbele ya macho yenu. Kuna ndege wengi, na misimu mingine heroe wanashuka, wale wa waridi wenye miguu mirefu. Siku yetu sisi hawakuwepo. Tuliwaona mwari na ndege weupe ambao majina yao siyajui, na ilitutosha.

Kwa nini Aprili? Kwa sababu ya alizeti. Mvua za Singida zinaanza mwishoni mwa mwaka, alizeti inapandwa, na kufikia wakati huo mashamba mengi yamechanua. Yale mafuta ya kwenye madumu ya njano unayoyaona yamepangwa barabarani yanaanzia hapo. Ukisimama katikati ya shamba, maua yanakufika kifuani, yote yameelekea upande mmoja. Picha utakazopiga hapo hazina haja ya kurekebishwa. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, msikanyage mimea yake, na mkiondoka nunueni lita mbili tatu za mafuta. Hiyo ndiyo kiingilio.

Siku ya pili tulimchukua baba mkwe. Nilidhani atakataa, mzee wa watu, miguu inamsumbua. Kumbe alikuwa amevaa koti la suti tangu saa kumi na mbili. Tukamsaidia akakaa kwenye jiwe la chini, akatazama ziwa muda mrefu. Halafu akaonyesha kwa fimbo upande wa pili wa maji, akasema, "Pale ndipo nilipokuwa nampitisha mama yenu kwa baiskeli. Tairi la nyuma lilikuwa bovu, anashuka tunatembea, anapanda tena. Nadhani alikuwa anafurahi linapoisha upepo." Akacheka peke yake.

Mume wangu ana miaka 38. Siku hiyo ndiyo aliyosikia kwa mara ya kwanza wazazi wake walivyopendana, kwa sababu siku hiyo ndiyo aliyokaa na baba yake asubuhi nzima bila jeneza, bila kamati ya chakula, bila mtu wa kukimbilia stendi. Mama hakuwepo tena wa kuulizwa kama ni kweli alifurahi.

Msomaji wangu, kama hutafanya safari nyingine yoyote katika hizi, fanya hii. Na kama una mzee wa kumchukua, mchukue.

SAFARI YA PILI: KUSHUKA SEKENKE
Wakati: Saba Saba

Julai ni kiangazi, baridi ipo na upepo wa Singida siku hizo haucheki na mtu. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo sweta, tafadhali! Mtoto wa Temeke nilibeba kitenge, nikakiona cha moto.

Mnatoka mjini asubuhi kuelekea upande wa Mwanza, mnapita Misigiri, halafu ghafla ardhi inaisha. Mko juu ya mlima Sekenke, na chini yenu kuna tambarare la Wembere, limenyooka mpaka macho yanachoka. Madereva wa malori wa zamani wakisikia jina la Sekenke wanavuta pumzi, maana kona zake ziliwahi kula magari mengi. Mkiwa na usafiri wenu, tafuteni mahali salama pa kuegesha, shukeni, mkae dakika ishirini. Mkiwa na usafiri wa kukodi, kubalianeni na dereva kabla kwamba mtasimama, asije akaanza kupiga honi.

Sekenke ina hadithi ambayo hata mimi niliyesoma historia mpaka kidato cha sita sikuwa nayo. Wajerumani walichimba dhahabu hapa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, koloni lao likafungiwa njia za bahari na fedha za kulipa watu zikawa tabu, walichukua dhahabu ya Sekenke wakaipeleka Tabora, na mwaka 1916 wakatengeneza kwenye karakana ya reli sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Zilitoka hapa, chini ya miguu yenu. Wachimbaji wadogo bado wapo maeneo haya, ila mashimo yao si ya kuchungulia. Tazameni kwa mbali, msiingie.

Mkiwa na siku ya ziada, endeleeni kwenye Ziwa Kitangiri upande wa Iramba, mkaone wavuvi wakirudi asubuhi. Maji ya Wembere yanaingia Kitangiri, yanatoka kwa mto Sibiti, yanakwenda kumalizikia Ziwa Eyasi. Ulizeni wenyeji kabla ya kusogelea maji, na mkialikwa kula perege wa kuchoma, msijifanye mmeshiba.

Neno moja la heshima. Ukiendelea kaskazini, wilaya ya Mkalama, utafika maeneo wanakoishi ndugu zetu Wahadzabe, watu wa upinde na asali. Kuna watu wanakwenda kule kama wanakwenda kutazama wanyama, simu juu, hata salamu hakuna. Tafadhali usiwe mmoja wao. Piteni kwanza ofisi ya kijiji, tafuteni mtu wa kuwapeleka anayejulikana na wenyewe, ombeni ruhusa kabla ya picha. Mkiambiwa leo hapana, basi ni hapana.

SAFARI YA TATU: MGUNDA MKALI
Wakati: Nane Nane

Hii hatukuifanya. Likizo yangu iliisha na kibubu chetu kilikuwa kimelia, sitawaficha. Ndiyo iliyo ya kwanza kwenye kalenda yetu ya mwakani, na mume wangu ameshaichorea ramani.

Karne ya 19, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipomaliza Ugogo ilikuwa inaingia kwenye pori lililoogopwa kuliko yote njiani. Likiitwa Mgunda Mkali. Maji hayakuwepo, chakula hakikuwepo, na vichaka vilibana kiasi kwamba msafara ulipita mtu mmoja mmoja. Burton na Speke walilipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, lakini waliolipita mara nyingi kuliko wao wote ni wapagazi, babu zetu, na mzigo kichwani.

Pori hilo ndilo eneo la Manyoni na Itigi. Vichaka vya Itigi vinajulikana kwa wataalamu wa mimea duniani, maana aina hiyo ya uoto inapatikana hapa kwetu na kule mpakani Zambia, na sehemu nyingine ya dunia ni shida kuipata. Ni miti mifupi, mita tatu hadi tano, iliyosongamana kama nywele zisizochanwa. Kiangazi inapukutisha majani, ndiyo maana tumechagua Agosti: angalau unaona mbele.

Mpango ni huu. Siku ya kwanza Kilimatinde, mji mdogo uliokaa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako Wajerumani waliweka kituo chao kabla hata reli haijafika. Jioni mnatazama bonde la Bahi likigeuka kutoka rangi ya udongo kuwa buluu. Siku ya pili Itigi, kutembea na mwenyeji kwenye njia za warina asali. Reli ya kati ya zamani, ile iliyofika Tabora mwaka 1912, inapita hapo hapo Manyoni na Itigi, kwa hiyo hata muda wa kusikiliza treni usiku upo.

Asali ya huku ina jina, na nyuki wa Singida wana historia. Uwanja wa mpira wa mjini, ambao zamani uliitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu ambaye, kwa masimulizi ya wenyeji, aliwakabili Wajerumani kwa kuwatumia nyuki. Baba mkwe akilisimulia hili anainuka kwenye kiti. Kwa hiyo mkienda kutazama mizinga, nguo za kujikinga vaeni, manukato acheni nyumbani, na msijifanye wajuaji.

Wenye mfuko mnene wanaweza kuendelea kusini mpaka Pori la Akiba Rungwa, lililotengwa tangu mwaka 1951. Huko ni tembo na simba, na mwendo ni mrefu. Kibali kinatafutwa mapema kwa mamlaka ya wanyamapori, na gari liwe la uhakika. Si safari ya kubahatisha na gari dogo la kwendea kazini.

SAFARI YA NNE: HANANG, NA ILE NUSU YANGU
Wakati: siku ya Nyerere, 14 Oktoba

Hapa tunavuka mpaka kidogo, maana Mlima Hanang uko mkoa wa Manyara. Lakini siku ya anga safi unauona ukiwa bado upande wa Singida, na mji wa Katesh uliopo miguuni pake uko kwenye barabara ya Singida kwenda Babati. Ni volkano iliyolala, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na huhesabiwa wa nne nchini. Wote wanakimbilia Kilimanjaro, Hanang inabaki na wenyewe.

Kibali mnachukua kwa watu wa misitu pale Katesh, na kiongozi wa njia ni lazima. Bebeni maji yenu yote, tochi za kichwani, na nguo za baridi kali. Na msiende wakati wa mvua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani usiku wa kuamkia asubuhi, vikaifunika Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Watu mtakaokutana nao pale sokoni wamefiwa. Salimianeni nao kama watu, na mlima muuheshimu.

Tulianza kupanda usiku. Mume wangu anacheza mpira kila Jumamosi, mapafu yake ni ya farasi. Mimi mazoezi yangu ni ngazi za ofisini, tena lifti ikiwa mbovu. Saa ya kwanza tulikwenda pamoja. Saa ya tatu alikuwa mbele yangu hatua hamsini. Ananisubiri, nikimfikia anaondoka. Yaani yeye anapumzika, mimi sipumziki. Kulipopambazuka kichwa kinanigonga, magoti yanatetemeka, na kilele kinaonekana kama vile kinarudi nyuma.

Akasema, "Mke wangu, jitahidi basi, unatuchelewesha."

Sijui yalitoka wapi. Nikamwambia, "Ndivyo unavyoishi na mimi. Hatua hamsini mbele. Ulipofiwa na mama ulikwenda mbele peke yako, hukuniambia hata neno moja. Ukinisubiri, ni ili uondoke tena."

Kiongozi wetu, kijana mwenye adabu zake, akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri tu.

Mume wangu akakaa kwenye jiwe. Alikaa kama dakika kumi, upepo unavuma, na ndipo akalia. Mazishini hakulia, alikuwa anasimamia magari na sufuria. Alilia pale Hanang, amevaa kofia ya sufu, nami nimeshika chupa ya maji nisijue niseme nini. Nikakaa pembeni yake. Sikusema kitu, na nadhani nilifanya vizuri.

Kilele kilikuwa bado saa mbili. Yeye angefika. Akachukua begi langu, akamwambia kiongozi, "Tunashuka." Kushuka alitembea nyuma yangu njia nzima.

Hiyo ndiyo nusu. Mtu akiniuliza kama nimepanda Hanang, jibu ni hapana. Na sitakudanganya kwamba tangu siku ile hatugombani. Juzi tu tumegombana kuhusu luku. Ila siku hizi akinyamaza namuuliza, "Uko hatua ngapi?" Anajua ninachomaanisha.

MAMBO SITA YA KUKUBALIANA KABLA HAMJAPANDA BASI

1. Tarehe kwanza, mahali baadaye. Ndoto isiyo na tarehe ni maongezi. Fungueni kalenda, zungushieni sikukuu, ombeni likizo mapema kabla wenzenu ofisini hawajaomba.

2. Kibubu kimoja, wachangiaji wawili. Sisi tulikuwa tunatuma kiasi kilekile kila mwezi kwenye laini moja ya simu ambayo PIN yake kila mmoja anaijua nusu. Kuitoa pesa lazima muwe wawili. Mnacheka? Ilifanya kazi mpaka Agosti!

3. Msiende na safari nne kichwani mkiwa na pesa ya mbili. Afadhali moja iliyotulia.

4. Anayechoka ndiye anayepanga mwendo. Hili nimelipata kwa gharama.

5. Simu ziwe za picha na dharura. Kundi la ofisini litaendelea kuwepo mkirudi.

6. Nunueni vya huko. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasafirishwa mpaka Dar, unawala hotelini kwa bei ya kukufanya ufikirie. Hapa mnawala kwao, na ugali wa mtama na mlenda pembeni. Rudini na mafuta ya alizeti, vitunguu na asali. Mama yangu Temeke sasa ndiye anayetuuliza safari ijayo lini.

Najua wapo watakaosema, "Singida? Si bora twende Zanzibar!" Nendeni Zanzibar, nani kawakataza. Lakini hoteli nzuri ya ufukweni ina kazi ya kuwafurahisha hata kama hamwongei. Mna bwawa, muziki, chakula mezani, siku inaisha. Juu ya jiwe pembeni mwa Singidani hakuna anayewafurahisha. Mko wawili, upepo, na chupa ya chai. Hapo ndipo mtajua mna nini la kuambiana.

Na kama kwenu si Singida, badilisha jina tu. Weka Songea, weka Kasulu, weka Handeni. Kila mmoja wetu mjini ana mahali anapopajua kwa misiba tu. Pana mlima pale, pana mto, pana mzee aliyevaa koti la suti tangu asubuhi anangoja aulizwe alikuwa anampitisha nani kwa baiskeli.

Wiki iliyopita baba mkwe alipiga simu tena. Mbuzi, shamba, mvua zinakawia. Halafu akauliza, "Mwakani mnakuja lini?"

Mume wangu hakusema "tutaona baba." Alitembea na simu mpaka kwenye friji, akaisoma tarehe.